Barua ya wazi kutoka Usangu: mnahesabu hekta, sisi tunahesabu mapipa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Kwa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji,
Kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mama mkulima wa mpunga hapa Usangu, wilaya ya Mbarali. Nina ekari mbili ndani ya skimu ya umwagiliaji na ekari moja ya kukodi nje yake, na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa chama chetu cha watumia maji. Kazi ya katibu mnaifahamu: kuandika zamu, kupokea ada, kupatanisha watu waliopigana saa nane za usiku kwa sababu mmoja kafungua lango la mwenzake, na kuwapokea wageni wanaokuja na magari meupe kutuambia kwamba tunapoteza maji.

Hayo maneno ya kupoteza maji ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tumeambiwa hivyo tangu nikiwa msichana. Mto Ruaha Mkuu ulipokauka ndani ya hifadhi kiangazi cha mwaka 1993, tuliambiwa ni sisi. Umeme ulipoingia kwenye mgawo, tuliambiwa ni sisi tunaoinyima maji Mtera, bwawa la kuzalisha umeme. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu na ng'ombe wao, mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mto ukaendelea kukauka karibu kila kiangazi. Kuhusu Mtera, watafiti waliofanya kazi huku mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kwamba bwawa lile hujazwa na maji ya masika, na kwamba namna maji yalivyokuwa yakifunguliwa kati ya Mtera na bwawa la umeme la Kidatu ilikuwa na sehemu kubwa katika ule mgawo. Matokeo hayo yalichapishwa, lakini lawama zilibaki kwetu.

Sisemi hatuna kosa. Tunalo, nami nitalitaja kwa jina hapa chini. Ila kosa letu silo lile mnalotutuhumu, na kwa sababu hiyo dawa mnazotuletea zinatibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Nianze na shamba langu. Miaka mitatu iliyopita nilichoka kusikia neno ufanisi bila kuona namba. Kijana mmoja fundi seremala alinichongea ubao wenye tundu la umbo la V, pembe yake digrii 90, nikausimika kwenye mfereji unaoingiza maji kwenye ekari yangu moja. Ubao wa namna hiyo ni kipimo. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya V, zinapita lita kama 4.4 kwa sekunde. Yakisimama sentimita 20, msidhani ni mara mbili: ni karibu lita 25. Nilipowaeleza hivyo wanachama, mzee mmoja alicheka akasema sasa ameelewa kwa nini wanaoinua lango "kidogo tu" usiku humaliza mfereji mzima.

Niliandika asubuhi na jioni kwenye daftari la shule la mwanangu. Msimu wa kwanza nililima kama kawaida, maji yakisimama jarubani tangu kuchavanga, yaani kuvuruga udongo na maji kabla ya kupandikiza, hadi karibu na mavuno. Yaliingia maji mita za ujazo 8,600 hivi, mvua sijaihesabu. Kwa lugha ya nyumbani ni mapipa 43,000 ya lita mia mbili mbili. Nikavuna kilo 1,650, nilizipima kwa mizani kwa sababu gunia la lumbesa halina ukweli. Gawanyeni wenyewe: kila mita moja ya ujazo ilinipa gramu 190 za mpunga. Niliona aibu.

Msimu wa pili nikaingia kilimo shadidi. Miche ya siku kumi, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, palizi ya mashine ya kusukuma, na kulowesha kwa zamu: nilichimbia bomba la plastiki lenye matundu, maji yaliposhuka sentimita 15 chini ya udongo ndipo nilipofungua tena, isipokuwa wakati wa kuchanua, hapo sikuruhusu jaruba likauke. Yaliingia mapipa 26,000. Nikavuna kilo 2,100. Gramu 400 kwa mita ya ujazo, yaani zaidi ya mara mbili. Nilijiona profesa. Nikaanza kuwaandikia barua ya kujisifu.

Barua ile sikuituma, kwa sababu ya mzee mwenye jaruba lililo chini ya langu.

Alikuja nyumbani jioni moja, akakaa, akaitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mwaka huu umenifungia." Nikamwambia sijamfungia mtu, mimi nimepunguza matumizi. Akasema yeye miaka yote analimia maji yanayotoka kwangu. Hana lango lake. Mfereji wangu wa kutolea maji ndio mfereji wake wa kuingizia, na wa jirani yake wa chini vilevile, mpaka yanapoishia kwenye mbuga na kuelekea Ihefu.

Msimu wa tatu nikachongesha ubao wa pili nikauweka pale maji yanapotoka. Nikarudi kwenye maji ya kusimama, kama tunavyolima wengi. Kati ya kila mapipa kumi yaliyoingia, karibu manne yalitoka kumfuata mzee, na mengine yalizama ardhini. Yaliyoondoka moja kwa moja, yasiyoweza kurudi, ni yale yaliyopanda mbinguni kwa jua na kwa majani ya mpunga. Hayo hayategemei sana ujanja wangu. Jua la huku likichukua milimita 5 kwa siku, ekari moja inatoa mapipa 100 kila siku, nikipenda nisipopenda. Kwa siku 120 ni mapipa 12,000, ya mfereji na ya mvua pamoja.

Ndipo nikaelewa kwamba kuna hesabu mbili, na wageni wetu wanazichanganya. Ukigawa mavuno kwa maji yaliyopita langoni, unapata namba mbaya sana na unasema mkulima anapoteza. Ukigawa kwa maji yaliyokwenda mbinguni, ekari yangu ilitoa kama gramu 690 msimu wa kwanza na 870 wa pili. Vipimo vya mpunga vya nchi nyingi vilivyokusanywa na kuchapishwa mwaka 2004 viliangukia kati ya gramu 600 na 1,600 kwa hesabu hiyo ya pili. Kwa hiyo tuko ndani ya safu ya dunia, upande wa chini. Faida yangu ya kweli ilikuwa zile kilo 450 zilizoongezeka. Mapipa 17,000 niliyojisifia kuyaokoa, mengi yake yalikuwa ya mzee.

Waheshimiwa, someni tena aya hiyo kabla ya kuidhinisha mradi mwingine wa kusakafia mifereji kwa zege.

Maana hapa Usangu tunao ushahidi wa kile zege kinachoweza kufanya. Mabanio ya wazee, yaani vizuizi vya kuelekeza maji ya mto mferejini, yalikuwa ya mawe, miti na nyasi. Yalivuja. Mto ukipungua, sehemu ilipita juu na katikati yake ikaendelea na safari. Tangu miaka ya 1980 yakaanza kuja mabanio ya kisasa, mlango wa chuma na ukuta wa zege mto mzima, na yaliitwa maboresho. Yaliboresha kweli uwezo wetu wa kuchukua maji wakati wa masika. Yalituboreshea pia uwezo wa kuchukua tone la mwisho mwezi wa Septemba, jambo ambalo babu zetu hawakuliweza hata wangetaka. Na maji "yaliyookolewa" hayakurudi mtoni. Yalifungua mashamba mapya. Mpunga wa Usangu ulikuwa maelfu machache ya hekta kabla ya uhuru, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulishapita hekta 40,000 katika mwaka wa mvua nzuri. Ndiyo maana nasema tone lililookolewa bila kikomo cha ardhi ni tone lililohamishwa tu.

Sasa kosa letu. Nilisema nitalitaja.

Kosa letu ni kiangazi. Kuanzia Julai mpaka mvua za Novemba, mito yetu mitano isiyokauka, Ruaha yenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, inakuwa na maji machache, na hayo machache tunayaingiza mferejini. Nauliza kila mwaka kwenye kikao, ya nini? Mashamba ya kiangazi ni madogo, vitunguu na mahindi ya kuchoma hapa na pale. Jibu ni lilelile: watu wa vijiji vya chini wanakunywa mfereji. Wanafua, wanaoga, wananywesha mbuzi. Ili kina mama wa kijiji cha mwisho wapate ndoo zao, tunaachia maji kwenye mfereji mpana wa udongo wenye kilomita kadhaa, na mengi yanaishia kwenye nyufa, magugu na jua kabla ya kufika. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: kiasi kinachoonekana si kitu wakati wa masika, kiangazi ni uhai wa viboko waliobanana kwenye madimbwi ya hifadhini.

Ndugu waheshimiwa, kijiji hakihitaji mfereji ili kinywe maji. Kinahitaji kisima. Visima virefu vyenye pampu, viwili au vitatu kwa kila kijiji kinachokunywa mfereji, vikifanya kazi na vikitunzwa, vingetuwezesha kufunga banio siku ya kwanza ya Julai bila mama yeyote kulala na ndoo tupu. Jambo hili lilishapendekezwa na watafiti walewale wa miaka ya 2000. Halina utepe mzuri wa kukata kama banio, nakubali. Lakini Sera ya Maji ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinaweka maji ya binadamu kwanza na ya mazingira baada yake, kabla ya mpunga wangu. Kisima kimoja kinatimiza yote mawili.

Kazi yenyewe si ndogo, na nisiwadanganye. Maji ya Ihefu hayatoki mpaka yapande juu ya mwamba wa Ng'iriama, na bwawa lile la asili linanywewa na jua kabla ya kutoa. Watafiti walikadiria kwamba ili itoke nusu mita ya ujazo kwa sekunde kwenda hifadhini, inabidi ziingie Ihefu kama 7. Saba kwa nusu. Nikiwa mkulima nikiisoma namba hiyo nasikia baridi. Ndiyo maana nasema kufunga mabanio machache kwa polisi na kupiga picha hakutafika popote. Ni mabanio yote, ya kwetu wadogo na ya mashamba makubwa yaliyobinafsishwa, siku moja, kwa ratiba moja, na vipimo vinavyoonekana na kila mtu.

Kosa la pili ni la Oktoba hadi Januari, na hili halizungumzwi. Kila mmoja analima kwa saa yake. Mwenye fedha ya pawatila, ile trekta ndogo ya mkono, anataka kuchavanga mapema ili auze mpunga bei ikiwa juu, kwa hiyo mfereji unafunguliwa kwa ajili yake. Mwenye kusubiri trekta la kukodi anapandikiza miezi miwili baadaye. Katikati hapo eneo kubwa limelowa, halina mche hata mmoja, na jua linatoza kodi yake ya mapipa 100 kwa ekari kwa siku. Yale ndiyo maji yanayopotea kwelikweli, kwani hayapiti kwenye jani wala hayamfikii mzee wa chini. Kuyapunguza kunahitaji vitalu vya pamoja, pawatila za kutosha kwa mkopo unaofika Septemba na si Februari, na mbegu inayokomaa mapema. Zege haliwezi kusaidia chochote hapo. Mikopo ya pembejeo iliyotufikia ikiwa mpunga umeshatoa masuke nimeisaini mwenyewe, na nimeilipa.

Hayo yanahusu mpunga. Kwa wenzetu wa mboga na mahindi kuna somo zuri la jirani, mkoani Iringa, ambalo sijui kwa nini halijapanda milima kuja kwetu. Kwenye skimu ya Kiwere, wakulima walipewa kifaa chenye jina la kinyonga: unachimbia vihisio vya kina tofauti, kinawaka buluu udongo ukiwa umelowa, kijani ukiwa na unyevu wa kutosha, nyekundu ukikauka. Hakuna namba za kusoma. Walipoona buluu kila siku walielewa wenyewe kwamba walikuwa wanamwagilia kupita kiasi na kuizamisha mbolea kusiko na mizizi. Wakapunguza siku za kumwagilia, na mavuno yakapanda, hayakushuka. Kilichonivutia zaidi ni kwamba ugomvi wa zamu ulipungua, kwa sababu mtu asiyehitaji maji usiku hakeshi mferejini. Kama mwanamke niliyewahi kukaa kwenye kingo za mfereji saa tisa za usiku na tochi isiyo na betri, nawaambia hiyo faida haionekani kwenye jedwali lolote la wizara, lakini sisi tunaijua thamani yake.

Sasa ninachoomba.

Kwanza vipimo. Kibali chetu cha kutumia maji kimeandikwa lita kwa sekunde, lakini kwenye banio letu hakuna rula hata ya mbao ya kuonyesha lita ngapi zinaingia. Nimeuliza mara tatu, nimejibiwa "mchakato unaendelea". Mnatutoza ada ya kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi, tuchukue zaidi au pungufu. Wekeni rula iliyopakwa rangi kwenye kila banio, na nyingine pale maji yanapotoka kwenye skimu kurudi mtoni. Mfundisheni mgawa maji kusoma. Namba ibandikwe kwenye ubao wa kijiji kila wiki, ya kwetu na ya shamba kubwa la jirani. Ubao wangu wa kwanza uligharimu bei ya kuku wawili, kwa hiyo msiniambie bajeti haijaruhusu.

Pili, badilisheni mnavyoipa skimu alama. Kila ripoti ninayosikia redioni inataja hekta: lengo lilikuwa hekta milioni 1.2 ifikapo 2025, zimeongezeka hekta kadhaa, mkandarasi amekabidhi. Ulizeni pia kilo ngapi kwa maji yaliyokwisha kabisa, na kiangazi mto ulibaki na nini chini ya banio. Skimu inayovuna kilo nyingi kwenye ekari zilezile iwe na heshima kuliko inayoongeza ekari na kuvuna gunia kumi.

Tatu, kwa bonde hili la Usangu, hekta mpya isipate kibali bila kuandikwa maji yake yanatoka kwa nani. Kwa nani, si wapi. Mto ni uleule, na kila tone tayari lina mtu au mnyama anayelisubiri: mzee wangu wa chini, Ihefu, Ruaha, Mtera, na sasa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Najua ombi hili litanichukiza kwa vijana wa kijijini kwangu wanaosubiri kugawiwa ardhi. Wananiambia, "Mama, wewe umeshapata zako." Wana haki kusema hivyo. Sina jibu zuri la kuwapa, zaidi ya kwamba ekari ya mwisho wa mfereji isiyofikiwa na maji mwezi wa Machi haimfai kijana yeyote. Nimelima ya namna hiyo, ile ya kukodi, na mwaka juzi nilivuna magunia manne.

Nne ni visima, nilishasema, na sitachoka kusema.

Tunakutana wanachama Jumamosi ya mwisho ya Juni, chini ya mwembe ulio karibu na banio, kukubaliana siku ya kufunga. Tangu mwaka jana tumepunguza lango mwezi wa Agosti, bila amri ya mtu, na kijiji cha mwisho kililalamika, nacho kilikuwa na haki. Mwaka huu wanataka kujua kama kuna kisima kinakuja kabla hawajakubali tena. Mimi ndiye nitakayesimama kuwajibu. Naomba niwe na barua yenu mkononi siku hiyo, hata iwe ya mistari mitatu, mradi iwe na tarehe.

Wenu katika kazi,

Mkulima wa mpunga na katibu wa chama cha watumia maji,
Usangu, Mbarali